Siku Tano Istanbul na Shangazi, na Birika Nililolikosa

Novemba 6

Tumetua kabla ya adhuhuri. Kitu cha kwanza alichofanya Shangazi ni kuangalia saa yake ya mkononi, akainua macho akaangalia ya ukutani, akarudi kwenye ya mkononi. Zote zinasema mamoja.

"Tumekaa angani saa saba, na saa haikusogea hata dakika?"

Nikamweleza kuwa Uturuki waliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi tangu 2016, kwa hiyo majira yao na yetu ni mamoja mwaka mzima. Akafurahi kweli. Vidonge vyake vya presha ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na alikuwa ameshajiandaa kwa vurugu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kazaliwa Wete, Pemba, kaolewa Tanga, kafundisha shule ya msingi miaka 34. Kiinua mgongo kilipotoka alinipigia simu, salamu mbili tatu, kisha: "Nataka unipeleke mji mkubwa wenye bahari katikati. Dubai sitaki, Dubai kila mtu kaenda." Mji wenye bahari katikati ninaoujua ni mmoja.

Hoteli tumechukua Laleli, kwa sababu ni nafuu na kwa sababu rafiki yangu mwenye duka la nguo Kariakoo hulala huko kila akija kufunga mzigo. Mlangoni kijana wa mapokezi akatukaribisha kwa tabasamu: "Merhaba!" Shangazi akasimama na mkoba wake. Akanigeukia.

"Huyu mtoto, mimi nimempa shikamoo lini?"

Nilicheka hadi nikakaa kwenye begi. Kwao ndiyo salamu yenyewe, mkubwa kwa mdogo. Alielewa, lakini hakuikubali. Siku zote tano kila aliyemwambia "merhaba" alipewa jicho la kimwalimu.

Jioni tulizunguka mitaa ya jirani. Laleli ni maduka ya jumla mtaa mzima, ofisi za kargo na mikokoteni ya mabunda. Kwenye kona nikasikia Kiswahili cha Kariakoo: kina dada wawili, mmoja kashika kikokotoo, wanambana muuzaji wa magauni. "Mwambie tunachukua dazeni sita, asituchoshe." Tukaamkiana. Shangazi akapewa shikamoo mbili za uhakika, akalala na moyo mweupe.

Novemba 7

Sultanahmet. Hagia Sophia, au Ayasofya kama wenyewe wanavyoita, ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453 mji ulipotekwa, ikafanywa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mtalii hulipa euro 25 kupanda ghorofani. Sisi tulikwenda wakati wa adhuhuri na tukapita mlango wa wanaoswali, bure.

Ndani nilitazama juu kama kila mtu. Kuba lina upana wa mita 31 hivi, na limekaa juu sana mpaka shingo inauma kabla macho hayajashiba. Shangazi yeye alitazama chini. "Mbona safu za zulia zimekaa upande?" Kweli, mistari inakata jengo mshazari. Waliolijenga walielekeza kanisa lao mashariki, na kibla cha hapa kiko kusini-mashariki, hivyo mihrabu imesogezwa kidogo kulia na zulia likatandikwa kuifuata. Jengo linatazama huku, watu wanatazama kule. Sikuwa nimeliona hilo kwenye picha hata moja, na ningepita bila kuliona laiti kama ningekuwa peke yangu.

Baada ya hapo niliitaka Yerebatan, lile birika la maji la chini ya ardhi lililo hatua chache kutoka hapo: nguzo 336 za mawe zimesimama majini gizani, tangu karne ya 6, na mbili kati yake zimekalia vichwa vya Medusa, kimoja kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa kichwa chini. Hilo ndilo lililonileta Istanbul, nikisema kweli. Foleni ilizunguka kona. Shangazi akauliza tunasubiri nini.

"Birika."

"Birika? Watu wote hawa?"

Miguu yake ilikuwa imeshavimba. Nikafungua daftari langu la safari, nikaandika: Birika. Nikaliachia kisanduku cha kutia tiki.

Novemba 8

Soko Kuu, Kapalıçarşı. Mitaa zaidi ya 60 iliyoezekwa, maduka maelfu, taa za vioo vya rangi, dhahabu, mazulia, na wauzaji wanaokuita kwa lugha tano hadi mojawapo ikushike. Shangazi alitoa hukumu kwenye mtaa wa tatu: "Kariakoo yenye dari." Sikubishana naye sana. Baada ya saa moja vitu vinaanza kufanana.

Kilichomchangamsha ni maneno. Muuzaji mmoja alikuwa na kasha la mbao, akaligonga: "Sandık." Shangazi akasema, "Sanduku." Mzee wa watu akashangaa. Akaonyesha sabuni: "Sabun." Sabuni. Kitabu cha hesabu zake: "Kitap." Kitabu. Duka lenyewe: "Dükkân." Duka! Wakaenda hivyo robo saa, wamekaa kwenye vigoda, chai inaletwa, mimi nimesimama kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Tulipoomba kulipa nikasema "hesap", nalo hilo ni hesabu, na mzee akakataa pesa ya chai. Wote wawili, Mwarabu alipita kwao zamani akawaachia mzigo ule ule.

Hakutoka mikono mitupu lakini. Alinunua birika la ghorofa: la chini unachemshia maji, la juu linakaa majani yakiiva kwa mvuke, kisha unamimina rangi kutoka juu na kuizimua kwa maji ya chini. Kila nyumba ya Kituruki inalo. Lake ni la shaba nzito, la kupigania. Nilimwambia litatusumbua kwenye kilo. "Tutaliona," alisema.

Novemba 9

Mvua asubuhi. Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Mimar Sinan, ulikamilika 1557; kwa nyuma wamelala Sultan Süleyman na mkewe Hürrem, kila mmoja na jengo lake. Tamthilia ilishamfikisha Hürrem sebuleni kwa Shangazi zamani, kwa hiyo alisimama kaburini kama mtu aliyefika msibani kwa jirani: akamwombea dua, kisha akaninong'oneza makosa yake yote.

Mbele ya msikiti kuna safu ya vibanda maarufu kwa chakula kimoja. Tukaagiza. Kikaja wali na maharage. Wali maharage, mtu wangu, baada ya saa saba angani. Tulikula kimya na kwa heshima, na maharage yalikuwa mazuri.

Alasiri yeye alilala, mimi nikavuka Galata kupanda mnara ambao Wagenoa waliujenga 1348. Kutoka juu mji unaonekana ulivyo: pande tatu za nchi kavu zinatazamana, na katikati vivuko vinapishana bila kukoma. Niliporudi nikamsimulia.

"Kesho vyombo," alisema.

"Kesho birika, Shangazi. Ndiyo siku ya mwisho."

Tukapatana: chombo asubuhi mpaka Asia, turudi saa saba, birika saa nane, mabegi saa tisa, basi la uwanjani saa tisa na nusu, ndege saa mbili usiku. Niliandika yote kwenye daftari, saa kwa saa. Likionekana leo, ni andiko la mtu asiyewahi kusafiri na shangazi yake.

Novemba 10

Saa kumi na moja alfajiri nimeamshwa na sauti ya zipu. Shangazi alikuwa ameamka kwa mazoea, kavaa, kakaa ukingoni mwa kitanda anasubiri adhana, na adhana haiji. Saa za huku zinafanana na zetu ila jua halijui: mwezi huu alfajiri inaingia saa kumi na mbili na ushei, na jua halichomozi mpaka saa moja na nusu imepita. Basi alitumia lile giza kufunga mabegi. Alipomaliza la pili akalikalia, akaniita nami nikalikalie.

Kulipokucha tulishusha mizigo. Hoteli ina chumba cha kuhifadhia mabegi ya wanaoondoka usiku. Kijana wa merhaba akayafungia humo na kutia ufunguo mfukoni. Niliuona ule ufunguo ukiingia mfukoni. Ningeutia maanani.

Nje kulikuwa na joto. Siku nne tumevaa makoti, leo hewa ni ya uvuguvugu, nzito kidogo, inatoka upande mwingine kabisa. Mimi nilishukuru Mungu. Shangazi alifungua kifungo kimoja cha koti, akatazama bendera juu ya duka la mkabala, hakusema kitu.

Madirishani mwa maduka kulikuwa na picha za mtu mmoja, bendera zimeshushwa nusu mlingoti. Tulishuka kwa tramu hadi Eminönü, tukaingia daraja la Galata kwa miguu. Pale juu wavuvi wa ndoana wamejipanga bega kwa bega tangu alfajiri, fimbo zimeegemea ukingo, na nyuma ya kila mmoja kuna ndoo yenye samaki wadogo wa fedha, mfano wa vibua. Shangazi alikuwa anachungulia ndoo moja moja kama mkaguzi. Ndipo king'ora kikalia.

Kimoja kwanza, cha mbali. Kisha vingi, mji mzima, na meli zote za chini yetu zikapiga honi kwa pamoja. Magari yakasimama katikati ya daraja. Milango ikafunguka, madereva wakatoka, wakasimama kando ya magari yao mikono chini. Mama aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto akasimama. Tramu ikasimama. Saa tatu na dakika tano. Saa hiyo hiyo, Novemba 10, 1938, alifariki Mustafa Kemal Atatürk, mwanzilishi wa jamhuri yao, katika kasri la Dolmabahçe, si mbali na pale. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba Shangazi kanishika kiwiko kwa nguvu na midomo yake inasoma.

Mvuvi aliye karibu nasi alikuwa na samaki kwenye ndoana. Nilimwona: fimbo imepinda, uzi umekaza na unatetemeka, samaki amefika juu ya maji na anageukageuka hewani, anameta. Mzee hakuzungusha. Alisimama wima na kofia kifuani, mkono mmoja umeshika fimbo, macho mbele. Dakika moja, labda mbili. Ving'ora viliponyamaza akavaa kofia, akageukia uzi. Ulikuwa mtupu.

Aliutazama, akatutazama sisi, akainua mabega. Shangazi akamwambia kwa Kiswahili safi, "Riziki, baba." Nadhani alielewa.

Kabla ya chombo tulipitia Soko la Misri, Mısır Çarşısı, lililojengwa karne ya 17 kwa mapato kutoka Misri, na hadi leo linauza viungo. Nilipanga dakika ishirini. Nilisahau natembea na nani.

Kwenye duka la nne kulikuwa na gunia la karafuu. Kibao kinasema "karanfil". Kijana akaona tumesimama, akaanza: "Zanzibar! Number one!"

Shangazi akavua miwani ya jua.

"Muulize, Zanzibar wapi? Unguja au Pemba?"

Nikauliza. Kijana akatafakari, akachagua: "Zanzibar, Zanzibar." Shangazi akaguswa mahali pabaya. Huyu ni mtoto wa Wete; kakua akiamshwa kwenda kuchuma, jioni anachambua makonyo mpaka vidole vyanuka mwezi mzima, na mvua ikinyesha usiku nyumba nzima hutoka mbio kukunja majamvi. Akachukua karafuu moja, akaishika kwa kikonyo, akaitazama kichwa: kipo, hakikukatika. Akaitia ukucha. Akanusa ukucha. Akanipa ninuse. Mafuta yalitoka, lakini kwa kuombwa. Kisha akaagiza maji.

Tukaletewa glasi ya chai yenye maji baridi. Akadondosha karafuu tano. Tatu zikasimama wima majini kama watu walio foleni, vichwa juu. Mbili zikalala juu ya maji, chali.

"Hizi tatu nazijua," akasema. "Hizi mbili ni marehemu."

Jirani wa duka la pili alikuja kuona, na wa tatu akaja. Kijana akajaribu mwenyewe kwa karafuu tano nyingine. Zikasimama nne, akapiga makofi. Hatimaye Shangazi akanunua robo kilo. Nilimuuliza, karafuu, za kupeleka wapi? Akasema za kumwonyesha mdogo wake. Mdogo wake anaishi Wete.

Kwa hiyo chombo tulikipanda saa tano na nusu, si saa nne. Kadi ya usafiri ya huku ni kama ya mwendokasi, ila moja inakubeba kwenye tramu, treni, basi na kivuko, na mnaweza kupita wawili kwa kuigonga mara mbili. Unagonga, geti linafunguka, na unaondoka Ulaya. Hakuna anayeuliza pasipoti. Ni pantoni ya Kigamboni kabisa, ila kwa adabu ya viti na muuza chai anayepita na sinia la vile viglasi vyembamba kiunoni. Watu ni wale wale: anayesinzia, anayeongea na simu kwa sauti kubwa, na wote wanaosimama kwenda mlangoni kabla chombo hakijagusa gati.

Tulikaa nje. Watoto walikuwa wanawarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa mduara wenye ufuta, na ndege wanavidaka hewani wakiwa wametulia kandokando ya meli kama wamefungwa kwa uzi. Nyuma yetu minara ya Süleymaniye, mbele Asia, katikati Shangazi na glasi ya chai mikononi, uso wake umelegea kuliko siku zote nne. Aliuliza kina. Aliuliza mkondo unakwenda wapi. Kisha akasema:

"Upepo umegeuka."

"Umegeukaje?"

"Jana ulitoka huko," akaonyesha upande wa Bahari Nyeusi, "na ulikuwa baridi. Leo unatoka bahari ya Marmara, una joto. Tazama hao ndege, wameelekea wapi? Tusikae sana ng'ambo."

"Shangazi, hii ni meli. Si ngalawa."

"Mimi nimesema."

Üsküdar, tulikoshukia, ni mji wa watu wanaoishi, si wa watalii, na labda ndiyo maana ulitukaa. Hatukufanya chochote. Tulitembea ukingoni mwa maji hadi msikiti wa Şemsi Paşa, wa Sinan pia, wa mwaka 1580. Ni mdogo sana. Ukiuweka uani mwa Süleymaniye hautaonekana. Ukuta wake umesimama baharini, mawimbi yanaupiga hapo hapo. Wenyeji wanauita Kuşkonmaz, "ndege hawatui": wanasimulia kwamba Sinan alitafuta mahali pepo mbili zinapokutana ili shakwe wasipate kutulia juu ya kuba na kulichafua. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo. Nilimsimulia Shangazi kwa ufasaha mkubwa, huku mtandio wangu unanipiga usoni, na hata hapo sikuunganisha moja na mbili.

Tuliswali adhuhuri humo, kwenye kona ya wanawake iliyotutosha sisi na bibi mmoja wa Kituruki. Alipotoa salamu ya mwisho akamgeukia Shangazi, akamshika mkono, akauliza kwa ishara tunatoka wapi. "Tanzanya," nikasema. Akatoa peremende mbili mfukoni. Kisha wale wawili wakakaa wamegusana mabega wakisikiliza mawimbi yanavyopiga ukuta, hawana neno hata moja la pamoja ila Alhamdulillahi, na nikaona saa inasoma saa saba na robo nikashindwa kumwinua. Birika langu saa nane. Nilijiambia bado nafasi ipo.

Gatini geti limefungwa. Ubao wa matangazo una maandishi mekundu, na umati umesimama unayasoma kwa utulivu wa watu walioyazoea. Maji yaliyokuwa bluu asubuhi sasa ni ya kijivu, yenye mapovu, yanapanda juu ya saruji na kurudi. Mfanyakazi aliona tunavyotumbua macho, akasema neno moja: "Lodos." Akapuliza mdomo, akaonyesha kusini, akashika kichwa. Lodos ni upepo wao wa kusini-magharibi, wenye joto, ambao ukija vivuko husimama, na watu wanausingizia hata maumivu ya kichwa.

Sikumtazama Shangazi. Nilimsikia tu akifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Njia iliyobaki ilikuwa Marmaray, treni inayopita chini ya mlango bahari. Ilifunguliwa Oktoba 29, 2013, siku jamhuri yao ilipotimiza miaka 90. Kituo kiko pale pale Üsküdar, ngazi zinashuka. Shangazi akasimama kwenye ngazi ya juu.

"Inapita wapi?"

"Chini."

"Chini ya maji?"

"Chini ya sakafu ya bahari. Wamezamisha bomba la zege, mita kama 60 kwenda chini. Watu wanapita kila siku."

"Mwanangu, bahari hupitwa juu."

Nikafikiri nimtulize kwa jambo la kumpendeza. Nikamwambia walipokuwa wanachimba reli hii, upande wa pili, Yenikapı, walikuta bandari ya kale imefukiwa, na ndani yake majahazi 37 ya zama za Warumi wa mashariki, mengine na shehena yake. Kazi ikachelewa miaka kwa ajili ya kuyatoa.

Akanitazama muda mrefu.

"Vyombo 37 vimezama, ndiyo unanipitisha huko huko?"

Kilichomshusha ni saa. Ndege haisubiri. Alishuka ameshika mkono wa ngazi za umeme kwa mikono miwili, akapanda behewa, akakaa, akafumba macho, akaanza Ayatul Kursiyyu. Behewa lilikuwa limejaa wanafunzi wenye simu. Aliisoma mara ya kwanza, ya pili, na katikati ya ya tatu nikamgusa: tumefika Sirkeci. Dakika nne hivi.

"Tumeshapita?"

"Tumeshapita."

"Mbona sikuhisi kitu?" Alikasirika kidogo, nadhani.

Ngazi za kutoka Sirkeci ni ndefu mno, unapanda na kupanda kama unatoka kisimani. Juu tukadandia tramu iliyojaa hadi mlangoni. Sultanahmet ikapita dirishani saa nane na dakika ishirini. Kwa sekunde chache niliiona foleni ya birika, fupi kuliko ile ya siku ya pili. Fupi kabisa. Milango ikafunguka, ikafungwa. Sikusema neno, na Shangazi aliyekuwa anatazama huko huko naye hakusema.

Hotelini yule kijana hayupo. Kaenda kula, na ufunguo uko mfukoni mwake, na aliyebaki mapokezi hana wa pili. Tulikaa dakika 25 kwenye sofa tukisikiliza simu yake ikilia bila kupokelewa. Aliporudi alikuja mbio, anahema, na neno la kwanza, masikini, lilikuwa "Merhaba." Shangazi akamtazama. Akamwitikia, "Marahaba, baba. Fungua."

Mizani. Ofisi ya kargo jirani, wale kina dada wa siku ya kwanza walikuwa wanapiga gundi maboksi yao. "Mama shikamoo, leteni hapa mpime." La kwangu kilo 22. La Shangazi 25 na nusu, na ruhusa ni 23. Tukalifungua mbele ya kadamnasi. Yalitoka makoti, tukayavaa juu ya makoti. Zikatoka peremende. Mwisho likatoka lile birika la shaba, chini na juu, na mizani ikasema 22.8. Dada wa kikokotoo akanikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi ya mahafali.

"Hili litakwenda na wewe mkononi, mdogo wangu."

Basi kutoka Aksaray tumelipata saa kumi kasoro. Upepo unalisukuma ubavuni, miti ya pembeni ya barabara imelala upande mmoja. Nimekaa dirishani, birika mapajani. Shangazi amempigia mdogo wake Wete kwa sauti ya juu, basi zima linasikia: tumeona hivi, tumepita hivi, nimepita chini ya bahari, ndiyo, chini, sikuhisi kitu.

"Nimekuletea karafuu," akasema.

Kukawa kimya huko Wete. Akaitoa simu sikioni akaitazama, akadhani mtandao umekatika.

Nimetoa daftari niandike haya kabla hayajapoa. Shangazi ameegemea bega langu, anasoma bila kuomba ruhusa, walimu ndivyo walivyo. Amepanda na kidole juu ya ukurasa mpaka Novemba 7, kwenye kile kisanduku kitupu. Akasoma kwa sauti: "Birika." Akalitazama lililo mapajani mwangu. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akatia tiki, kubwa, ingekuwa nyekundu kama angekuwa na kalamu nyekundu, na kando yake akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: 10/10.